Mbona Zako Hazifi

Katika maabara ile ya miche ya matunda, kufa kwa ncha za machipukizi kulikuwa jambo la kawaida kama vumbi dirishani. Ukikata ncha mia moja na zikashika thelathini, ulijipongeza, ukanawa mikono, ukaenda kunywa chai. Mzee Wembe alikata mia moja, zikashika tisini na moja.

Watu walisema ana mkono. Wageni walipoletwa kutembezwa, mkuu wa maabara, mwanamke ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa akisimama nyuma ya kiti cha mzee na kusema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika kisu." Mzee Wembe hakugeuka. Alikuwa bingwa wa kutogeuka. Aliendelea na kazi yake mbele ya kabati la hewa safi, mgongo umenyooka, koti jeupe limepigwa pasi na mkewe mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe.

Mgeni akiuliza, alimweleza kwa maneno yale yale ya miaka yote. Mchungwa ukishaingiwa na virusi hauna dawa. Virusi vimo kwenye mizizi, kwenye gamba, kwenye kila jani. Mahali pamoja tu ndipo havijafika: kilele kabisa cha chipukizi, padogo kuliko punje ya chumvi, kwa sababu pale ukuaji unakwenda mbio kuliko ugonjwa. Basi mti mgonjwa unawekwa kwanza kwenye chumba cha joto kwa wiki kadhaa ili virusi vilegee, kisha unakata kile kilele chini ya hadubini na kukibebesha kwenye mche mchanga uliokatwa kichwa, ndani ya chupa. "Sifuri nukta mbili ya milimita," alikuwa akisema. "Ukizidisha, umekata na ugonjwa. Ukipunguza, umekata maiti."

Kila chupa ilipaswa kubandikwa karatasi yenye tarehe, alama ya mkataji na ukubwa wa ncha. Alama ya Mzee Wembe ilikuwa pembetatu. Ukubwa ulikuwa 0.2 siku zote.

Jumatatu hiyo aliyekuja hakuwa mgeni. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mkulima mpana wa mabega aliyeingia maabara kama mtu anayeingia kwenye zizi lake.

"Wembe! Bado wanakuachia vitu vyenye makali?"

"Wananiachia. Wewe ndiye waliyesema usipewe hata kijiko."

"Dada yangu alikuwa na wachumba wawili wenye matrekta. Wawili! Akachagua mtu wa kukata majani."

"Hao wa matrekta walikuona wewe, wakakimbia."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza, na yule binti wa vipimo, aliyekuwa akipita na trei, akasimama ili asimwage kitu. Kisha mkulima akapunguza sauti.

"Mashimo mia nne, Wembe. Nimechimba mpaka mgongo umesahau kunyooka. Alhamisi gari linakuja kuchukua miche, sivyo?"

"Alhamisi asubuhi."

"Na ule mti wa baba nimeukata mwezi jana, kama mlivyoagiza. Nikang'oa na mizizi, nikachoma." Hapo uso wake haukuwa na utani hata kidogo. "Unajua mwenyewe. Machungwa yanayoiva wakati ya watu wote yamekwisha. Hakuna mwingine wa namna ile, si kwangu, si kwa jirani. Sasa mti wenyewe uko humu kwenye vichupa vyako. Usinipotezee."

"Nimewahi kukupotezea nini?"

"Dada," alisema Shemeji, na kicheko kikarudi.

Miche ile mia nne ilitokana na chupa saba. Katika zile tisini na moja zilizoshika, walichagua saba zenye afya kuliko zote, wakazikuza ziwe miti mama, na vikonyo vyao vikabebeshwa mpaka vikawa mia nne. Kabla ya hapo majani ya saba hizo yalipimwa kwenye sahani, kile kipimo cha vishimo vidogo ambamo maji ya jani gonjwa hugeuka njano. Vishimo vyote vilibaki vyeupe. Kanuni ilitaka kitu kimoja zaidi: kikonyo cha kila mama kibebeshwe kwenye mdimu, kwa kuwa mdimu hauwezi kuficha ugonjwa huu, kisha ungojwe miezi sita. Daktari hakungoja. Sahani zimesema safi, alisema, na mkulima anasubiri. Midimu itafuata nyuma.

Jumanne midimu ilifuata.

Binti wa vipimo, ambaye wenzake walimwita Bi Sahani kwa kuwa siku nzima alikuwa na sahani zake za vishimo mkononi, alikuja kumwita Mzee Wembe mwenyewe. Alimpeleka nje kwenye banda la wavu, akachuma jani la mdimu, akaliinua juu lielekee jua.

"Mwalimu, hebu tazama mishipa."

Mzee Wembe alilishika jani. Akaona kijani, na katikati ya kijani ukungu, kama pumzi kwenye kioo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Ukungu ulikuwa pale pale.

"Unaona vile vipande vilivyopauka? Kama mshipa umekatikakatika?"

"Naona," alisema. Hakuona kitu.

"Mitatu kati ya saba. Na huu wa nne naushuku."

Daktari alipoletwa yeye aliona mara moja. Alitazama majani matatu, la nne akalitazama kwa muda mrefu zaidi, kisha akamgeukia binti.

"Ulichovya kisu?"

"Nilichovya, Daktari. Kila mche."

"Kwenye klorini mpya au ya juzi?"

"Ya asubuhi ile ile."

"Sahani zilitoka nyeupe. Wewe mwenyewe ndiye uliyezisoma. Sasa ugonjwa umetoka wapi kama si kwenye kisu chako? Upande ule wa banda kuna miche migonjwa. Umetoka huko, umekuja huku."

"Daktari, sahani tulizipima wakati wa joto kali. Joto likizidi, virusi hupungua kwenye jani, kipimo kinaweza kisivione. Nilisema hata siku ile tuzirudie wakati wa baridi."

"Kwa hiyo kosa ni la jua."

Mkataba wa binti ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na wote watatu walijua hivyo. Daktari alikunja lile jani mara mbili, akalitia mfukoni.

"Siwezi kuendelea na mtu asiyejua kusafisha kisu. Miche inaondoka Alhamisi." Halafu akauliza, kwa heshima aliyomwekea yeye peke yake, "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mzee Wembe alikuwa na nafasi ya kusema neno lolote. Alisema, "Binti bado anajifunza."

Neno hilo halikuwa na ubaya wowote ukilisikia. Lakini alipotembea kwenda kituo cha basi lilimfuata, na alipofika nyumbani likaingia naye ndani. Walikula mapema, yeye na mkewe, dirisha likiwa bado na mwanga.

"Kaka amepiga simu," mkewe alisema. "Anacheka peke yake kama mtoto wa shule. Anasema safu ya kwanza ataipanda pale pale alipokuwa mti wa baba."

"Vizuri."

"Na wewe acha kufuta hiyo miwani. Tangu mwaka jana unafuta tu, vioo vitakwisha."

"Ni michafu."

"Mimi ndiye ninayeiosha," alisema mkewe. "Si michafu."

Mzee Wembe alisoma shule ya jioni baada ya kazi kwa miaka sita ili atoke kwenye kufagia banda na aingie kwenye chumba cha hadubini. Alikuwa mtu wa kujua anachokijua. Na usiku ule kabla usingizi haujaja, hesabu moja ilimjia yenyewe bila kuitwa. Zamani, alipokuwa kijana mwenye macho ya mwewe, ncha zake zilishika thelathini na tano kwa mia, mwaka mzuri sana arobaini. Zilianza kupanda miaka miwili iliyopita. Sitini. Sabini na nane. Tisini na moja. Watu walipiga makofi, naye akapokea makofi. Hakujiuliza mkono wa mtu wa umri wake unaongezaje wepesi wakati magoti, meno na masikio yanapungua.

Jumatano, wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Aliwasha kabati, akachukua chipukizi, akakata kama anavyokata siku zote: kwa kuhisi, pumzi ameizuia, kisu kinashuka chenyewe. Akaiweka ncha juu ya kioo, chini ya hadubini. Ndani ya jicho la hadubini ile kulikuwa na rula ndogo ya vistari. Vijana waliitumia. Yeye alikuwa akiwatania kwamba rula ni fimbo ya kutembelea. Sasa aliinama, akatafuta vistari, na havikuwepo. Palikuwa na maziwa yaliyomwagika.

Bi Sahani alikuwa chumba cha pili, anapanga vitu vyake kwenye boksi.

"Binti, njoo unisomee kitu."

Alikuja, akakaa kwenye kiti cha mzee, kiti ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Akatazama.

"Ncha hii ina vistari vingapi?"

"Sita."

"Hesabu tena."

"Sita, Mwalimu. Nukta sita. Ina vijani vitano, hivi vya chini vimeshafunguka."

Mzee Wembe alikata nyingine. Ikawa nukta saba. Akakata ya tatu taratibu, akijitahidi, mkono ukitafuta kitu ambacho jicho halikuuonyesha, na ile ikawa nukta tano. Akaweka kisu chini.

Ncha kubwa namna ile haifi. Ina chakula chake na vijani vyake. Ina wageni wake pia.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

Binti hakugeuka. "Sikujua. Nilikuwa nashangaa tu. Zangu zinakufa, za wengine zinakufa. Nikawa najiuliza, mbona zako hazifi."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani, Mwalimu? Ungenifukuza humu na kiti kinifuate."

Alikuwa na haki ya kusema zaidi ya hapo, maana boksi lake lilikuwa limejaa nusu. Alinyanyuka tu kitini. Mzee Wembe angependa amtukane.

Alikwenda ofisini kwa Daktari bila kuvua koti. Alisimama kama mwanafunzi.

"Kisu cha binti hakina kosa. Ncha nilizikata kubwa. Mtoto wa jicho ameingia, na nilijua kuna kitu, sikutaka kujua ni nini."

Daktari aliweka kalamu chini polepole. "Mwalimu, najua unamhurumia."

"Simhurumii. Jana nilimuuza mbele yako."

"Chupa zote zimeandikwa nukta mbili. Nimezipitia mwenyewe leo asubuhi. Pembetatu, nukta mbili, zote."

"Niliziandika kabla ya kukata," alisema Mzee Wembe. "Asubuhi, nikifika. Karatasi mia moja kwa mkupuo, nikizibandika kwenye chupa tupu. Ili mkono usisimame katikati ya kazi. Nimefanya hivyo miaka mingi, na zamani ilikuwa kweli."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la chupa, zikigongana. Daktari alikuwa na umri wa binti yake wa kwanza, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya yule msichana aliyeketi karibu naye miaka ishirini iliyopita akilia kwa kukata kidole.

"Wewe ndiye uliyenichania karatasi mbele ya darasa zima. Kwa sababu niliandika kipimo kabla ya kupima. Ukaniambia huo ni uongo hata ukitokea kuwa kweli."

"Nakumbuka."

"Na mimi nimewapa watu ruhusa ya kuzalisha miche mia nne kwa ajili ya pembetatu ile. Sikungoja midimu. Unajua kwa nini sikungoja? Kwa sababu zilikuwa zako."

Daktari alisimama, akaenda naye chumba cha hadubini, akamwomba akate. Alimwomba, hakumwamuru, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mzee alikata ncha tano mbele yake na mbele ya vijana waliokuwa wamerudi kutoka kula na sasa wamesimama mlangoni, hawajui waondoke au wabaki. Daktari alisoma vistari kwa sauti, moja moja. Hakuna iliyoshuka chini ya tano. Kisha akamwambia Bi Sahani arudishe vitu vyake mezani, na kwamba gari la kesho lisije.

Kwa Shemeji, Mzee Wembe alikwenda siku ile ile, bado jua liko juu. Mwingine angepiga simu akamaliza kazi, lakini kuna maneno ambayo simu inayafanya ya bei rahisi. Alimkuta anafyeka kando ya shamba. Mashimo yalikwenda kwa mistari mpaka chini bondeni, kila shimo na kilima chake kidogo cha udongo mwekundu ubavuni, safi, kama kazi ya mtu aliyepewa tuzo mapema.

"Umekuja kuhesabu? Ni mia nne na tatu, hayo matatu ni ya kukuzikia wewe, dada yangu na kiburi chako."

"Shemeji, miche haiji."

"Gari limeharibika?"

"Miche ni migonjwa. Ina ugonjwa ule ule wa mti wa baba. Niliukata mwenyewe nikauweka kwenye chupa, nikaandika safi."

Alimweleza yote, jicho na karatasi na rula, akimtazama usoni, yaani akitazama mahali uso ulipokuwa. Shemeji alisikiliza na panga mkononi. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Ule mti nimeuchoma. Si nimeuchoma? Mliniambia nichome."

"Tulikwambia."

"Kwa hiyo baba hayupo popote."

"Yupo kwenye ile miche migonjwa. Tutabakiza kumi na mbili, mingine itateketezwa. Hiyo kumi na mbili itarudi kwenye chumba cha joto, ikatwe upya, na mtu mwenye macho."

"Na ikifa?"

Mzee Wembe alitaka kusema haitakufa. Miaka miwili yote hiyo alikuwa mtu wa kusema haitakufa. "Mingi itakufa," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Kama hata moja haitashika, basi nimewapotezea."

Shemeji aliinama, akachukua udongo kwa mkono, akauangusha shimoni. Akaangusha mwingine. "Nenda nyumbani," alisema, "kabla sijasema neno."

Kuchoma kulichukua siku mbili. Miche ilikuwa mibichi, haikutaka kushika moto, na moshi wake ulikuwa na harufu ya maganda ya machungwa, ikaingia kwenye makoti na kwenye nywele. Ile kumi na mbili ilikaa kwenye chumba cha joto wiki sita. Mzee Wembe alikuwa akiingia kila asubuhi kumwagilia na kutoka na shati limelowa. Hospitali walimpa tarehe ya jicho, mbali. Daktari alimwondolea kisu na hakumwondolea kiti; alikisogeza tu, kikakaa pembeni ya Bi Sahani.

Binti alikata siku tano, arobaini kwa siku. Alipima kila moja, kisha akaandika, kisha akabandika. Mzee Wembe aliketi na mikono kwenye mapaja. Kazi yake ilikuwa kusema pumua anapoona mabega ya binti yamepanda. Wiki ya kwanza zilianza kuwa kahawia. Wiki ya pili zikawa zinaondoka trei kwa trei. Mwisho wa wiki ya tatu Bi Sahani alihesabu zilizobaki, akahesabu tena, akakaa sakafuni.

"Kumi na moja, Mwalimu. Kati ya mia mbili. Nimeua mti wa watu."

"Simama, utachafua koti. Kumi na moja zina rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani cha namna gani? Mimi sioni, niambie vizuri."

Binti alisimama, akazitazama moja moja, akamwambia. Moja ilikuwa imepauka kidogo. Kumi zilikuwa nzuri. Lakini uzuri haukuwa jibu. Zile tisini na moja nazo zilikuwa nzuri. Zitapimwa wakati wa baridi, zitabebeshwa kwenye midimu, na miezi sita itangojwa mpaka siku ya mwisho.

Shemeji alikuja wiki hiyo bila kumwarifu mtu. Hakupiga kelele mlangoni. Alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kukuzia, akamuuliza binti ni zipi, binti akamwonyesha. Alizitazama kwa muda mrefu, vijani viwili viwili ndani ya chupa, chini ya taa nyeupe. Kisha akaja ukumbini, akakaa kwenye benchi alilokuwa ameketi Mzee Wembe, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nimekuja kuangalia chupa."

"Angalia."

"Dada anasema na wewe?"

"Ananiambia chumvi imekwisha. Ananiuliza kama mlango umefungwa."

"Hayo si maneno."

"Ndiyo ninayopewa."

Shemeji alikuna shingo. Ukumbini harufu ya klorini ilikuwa kali, Bi Sahani alikuwa anatengeneza mpya. "Hayo mashimo," alisema mwishowe, "nimefukia nusu. Nusu nyingine sijui nifanye nini nayo. Nifukie au niache?"

Mzee Wembe alifikiri sana kabla ya kujibu, maana safari hii alitaka kusema kitu anachokijua.

"Sijui, Shemeji," alisema.